Siku Bibi Alipopimwa Kumbukumbu

Bibi alipoanza kupotea njia akitoka kanisani, hapo kwetu Hai, kila mtu alikuwa na lake. Majirani walisema uzee. Baba mdogo alisema kuna mkono wa mtu. Shangazi, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, hakusema kitu.

Tukampeleka Moshi mjini. Nilitegemea ataonwa na daktari, apewe vidonge, turudi. Kumbe walikuwa wanne: daktari, muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wa kumsaidia mgonjwa aendelee na shughuli zake za kila siku. Daktari alianza na damu: tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende. Baba mdogo aliposikia kaswende akanuna, mpaka alipoelezwa kuwa yote hayo huweza kuvuruga akili na yana dawa, ndiyo maana hutafutwa kwanza.

Bibi hakusoma, kwa hiyo hakupewa kalamu. Aliulizwa mwenyekiti wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, kisha ataje wanyama kwa dakika moja. Ng'ombe, mbuzi, kuku, ng'ombe tena. Mtaalamu akapanga njiti nne za kiberiti mezani, akamwomba naye apange vilevile. Bibi akaziokota zote, akazirudisha ndani ya kiberiti. "Mwanangu, usichezee kiberiti, kinanunuliwa." Tulicheka, naye akacheka. Lakini alipopewa tena, hakuweza.

Mfamasia alitaka tumwage mezani kila dawa tuliyokuja nayo. Zikatoka piritoni, ambazo bibi alikuwa akipewa kila usiku apate usingizi. Akasema dawa ile huwazidishia wazee kuchanganyikiwa, iachwe. Ikaachwa, na kuweweseka usiku kukapungua kweli. Kusahau hakukwenda popote. Majibu ya damu yalikuwa safi, na daktari akatuambia wazi kuwa ni demensia, maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Muuguzi naye alishamaliza na bibi, akamgeukia shangazi. "Na wewe mama, unalala?" Shangazi akaangua kilio mbele ya watu wote. Alipopimwa, presha ilikuwa juu. Miezi yote ile hatukuwahi kumuuliza.

Kabla ya kuondoka tulikaa wote pamoja. Mtaalamu alikataza bibi kufukuzwa jikoni: aendelee kumenya ndizi na kuchambua maharage, ila moto awashe mwingine. Zamu ya kulala na bibi usiku wa Ijumaa na Jumamosi akapangiwa baba mdogo, shangazi apumzike. Alilalamika njia nzima hadi nyumbani, lakini Ijumaa alikuja na godoro lake.