Kumbe alipitia Uingereza: nilivyompata babu wa Kijerumani

Hatimaye! Miezi minne nimemtafuta baba wa babu yake mume wangu, Mjerumani aliyehamia Wisconsin. Sensa ya Marekani ya 1900 ilinipa mwaka wa kuhamia, 1882, na “Ujerumani” basi, kijiji hakuna. Nikapekua orodha za abiria wa Hamburg, bandari ya Ujerumani, maana zile huandika msafiri ametoka wapi. Wapi! Nikabadili tahajia, Schmidt, Schmitt. Patupu.

Kumbe orodha ziko mbili: za meli za moja kwa moja, na za waliounganisha safari kwenye bandari nyingine kama Hull au Liverpool, Uingereza. Nilikuwa naganda kwenye ya kwanza. Nikafungua ya pili, nikatafuta kwa jina lake la kati badala ya Johann (ndugu watatu, wote Johann, kwa hiyo kila mmoja aliitwa kwa jina la kati!). Huyo hapo, mke na watoto chini yake, na kijiji kimeandikwa.