Bila ndege: kurudi njo kunachora njia

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anakaa Liège, Ubelgiji, ni muuguzi kule, na mwaka huu ameamua konji yake yote, likizo ya kazi, ataimaliza juu ya kinga. Kinga ni baiskeli, njo ni ndiyo, na juu mara nyingi ni kwa sababu, kwa ninyi wa Dar na Mombasa, huku Lubumbashi ukisema baiskeli watu wanakuona umetoka mbali. Anataka atoke mlangoni kwake, aende mbali mpaka miguu iseme basi, arudi nyumbani, na ndege asiiguse kabisa. Wako wawili, yeye na mwenzake wa kazi, Mbelgiji. Na kazi ya kutafuta njia amenitupia mimi huku Katuba, mimi mwenye mega za intaneti za kuhesabu, juu anajua tangu utoto nikipewa karte na chai sihitaji kitu kingine.

Baba alipopigiwa simu na kuelezwa aliuliza kitu kimoja tu: "Kule Ubelgiji bisi za abiria zimeisha?"

Bon. Watu wengi wakipanga safari kama hii wanaanza na jina kubwa la mwisho, Istanbul, Roma, Bahari Nyeusi, halafu wanavuta mstari kwenye karte mpaka pale. Mimi nilianzia upande wa pili, kwenye kurudi. Ukishakataa ndege, safari yako haiwezi kuishia popote unapotaka, inaishia pale ambapo kuna treni itakayokubali kukubeba wewe na kinga yako, na Ulaya pamoja na reli zake zote si kila treni inakubali. Hiyo kitu njo ilinila usiku mingi kuliko milima na mvua.

Mfano Roma. Mwenzake yaya alikuwa anataka Roma sana. Na njia ipo kweli, kuna mtandao wa njia za kinga unaitwa EuroVelo, unaratibiwa na European Cyclists' Federation yenye ofisi yake palepale Bruxelles, na njia namba 5 ya mtandao huo inatoka Canterbury Uingereza, inapita Bruxelles, Luxembourg, Strasbourg, inavuka milima ya Alps pale Gotthard kwenye mita 2,106, inashuka Milano mpaka Roma na kuendelea mpaka Brindisi. Inapendeza kusoma. Sasa rudi. Treni za mbio za Italia hazichukui kinga ikiwa nzima, lazima uifungue magurudumu uiingize kwenye mfuko. Treni ndogo za mkoa zinachukua, ila kutoka Roma mpaka kwenye mpaka wa Uswisi kwa treni za mkoa utashuka na kupanda, utashuka na kupanda, na kila kituo ni ngazi, na sakoshi nne, ile mifuko ya kuning'iniza kwenye kinga, na kinga yenyewe begani. Nikamwambia yaya: Roma nenda na treni siku nyingine, ule aiskrimu, urudi.

Halafu kuna hesabu ya siku. Ubelgiji mfanyakazi wa siku tano kwa wiki anapata siku 20 za konji za sheria kwa mwaka, yaani wiki nne, na yaya anataka kuzitumia zote kwa pamoja (namna alivyompata mkubwa wake wa kazi akubali sijui, lakini yaya huwa anapata). Ukitoa siku za kupumzika, siku za mvua ya kukaa ndani, na siku mbili za treni ya kurudi, zinabaki siku kama 20 za kukanyaga pedali. Kwa mtu asiye wa mashindano, mwenye mzigo, kilomita 60 kwa siku ni sawa, anafika mapema, anafua nguo, anakula vizuri. Kwa hiyo tuna kilomita 1,200 mfukoni na si zaidi. Wanaoandika eti wanafanya 120 kila siku, waache na magoti yao.

Kwa hiyo mto. Nilimwambia tufuate mto, kwanza juu mto unashuka, na pili juu kule Ulaya reli nyingi zilijengwa kufuata mabonde ya mito, kwa hiyo kila jioni uko karibu na stesheni fulani. Goti likiuma, freni ikifa, mwenzako akinuna, unapanda treni, habari imeisha. Mlimani hauna hiyo.

Sasa sehemu niliyoipenda kupita zote ni mwanzo, juu kutoka Liège mpaka Luxembourg karibu njia yote inapita juu ya reli zilizokufa. Wallonia, mkoa wa Ubelgiji ambamo Liège imo, wana kitu kinaitwa RAVeL, ni njia za watu wa miguu na wa kinga, nyingi zimetengenezwa pale reli za zamani zilipopita au kando ya mito. Unatokea Chênée, pembeni ya Liège, unashika laini 38 ya zamani, unapanda polepole mpaka Herve, Battice, unafika upande wa Aubel, na hukutani na gari isipokuwa pale unapokata barabara. Kutoka hapo unatafuta Vennbahn, ambayo ni reli ya zamani ya kilomita 125 toka Aachen Ujerumani mpaka Troisvierges kaskazini mwa Luxembourg. Ilikuwa reli ya makaa ya mawe na mawe ya chuma, inapeleka huku, inaleta huku, mambo ambayo sisi watoto wa mji wa shaba, mji ambao treni ya kwanza ilifika 1910, hatuhitaji kuelezwa. Na kwa sababu locomotive haiwezi mlima mkali, mteremko wake ni laini, karibu asilimia 2, hata kwenye milima ya Eifel unakanyaga huku unaongea.

Kitu cha ajabu cha Vennbahn: baada ya vita ya kwanza ya dunia, kwa mkataba wa Versailles, ile reli ilipewa Ubelgiji, hata pale inapopita katikati ya Ujerumani. Matokeo yake mpaka leo, reli ilishakufa, imebaki lami ya kinga, lakini ule ukanda mwembamba bado ni ardhi ya Ubelgiji, na vipande vya Ujerumani vimebaki upande wa pili vikizungukwa kama visiwa. Yaya atakuwa anakanyaga Ubelgiji, akienda kujisaidia kichakani yuko Ujerumani. Fikiria Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, ingekuwa hivyo.

Kutoka Troisvierges wanashuka Luxembourg mpaka Trier kwenye mto Moselle. Hapo nilipigana na yaya kwenye WhatsApp karibu tuachane. Yeye alitaka aendelee na pedali tu, afuate Moselle mpaka Koblenz, apande Rhine mpaka Mainz, aingie mto Main, apite mfereji unaounganisha Main na Danube, ule uliofunguliwa 1992, wa kilomita 171 kutoka Bamberg mpaka Kelheim. Ni kweli inawezekana, maji mwanzo mpaka mwisho, na ningekuwa mimi mwenye miezi mitatu ningeenda. Lakini ukijumlisha, konji inaisha hata Wien, yaani Vienna, hajaiona. Akaniambia, "Mdogo wangu, kwani mimi nakimbizana na nani?" Nikamwambia, na mkubwa wako wa kazi, yaya. Akakubali. Trier mpaka Ulm ni treni, siku moja, treni za mkoa za Ujerumani ambazo zinabeba kinga bila kurizave, yaani kuweka nafasi mapema, ukishakata tiketi yake ya ziada, ila asubuhi saa za watu wa kazi hata ukiwa na tiketi hupati pa kuisimamisha, na kondakta anaweza kukukatalia. Kuna pia ile Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na tangu hapo inapanda tu bei, inakubeba kwenye treni zote za mkoa nchi nzima, lakini ni wewe tu, kinga unailipia mbali, na ni ya kujiandikisha, usipoikatisha mapema mwezi unaofuata wanakukata tena.

Kwa nini Ulm na si Donaueschingen ambako Danube inaanzia? Ni kilomita kama 200 zaidi. Naumia kidogo, juu kule karibu na Immendingen Danube inapotea. Wakati wa kiangazi maji yanaingia kwenye mawe ya chokaa, mto unakauka kabisa mchana kweupe, na yale maji yanatokea mbali, kwenye chemchemi ya Aach, yanaenda zake Rhine na bahari ya kaskazini badala ya Bahari Nyeusi. Yaya hataona hiyo. Ataona Ulm na mnara wa kanisa wa mita 161.5, halafu Regensburg, halafu Passau ambako mito mitatu inakutana na ambako kwenye ukuta wa jengo la mji wamechora alama za mafuriko, ya 2013 ilifika mita 12.89, haijawahi kuwa hivyo tangu 1501. Toka Passau mpaka Wien ni kama kilomita 320 na njo kipande kinachojaa watu wa kinga kuliko chote, mpaka wazee wa miaka 70, mpaka watoto kwenye vitoroli. Katikati kuna Wachau, kati ya Melk na Krems, bonde la mizabibu na aprikoti. Wien wanaamua: miguu ikiwa na nguvu wanaendelea Bratislava mpaka Budapest, ikikataa wanarudi kutokea pale.

Kurudi sasa. Kutoka Budapest au Wien treni za masafa marefu zina nafasi chache za kinga na lazima kurizave, Julai na Agosti zinaisha mapema sana, kwa hiyo nafasi ya kinga inatafutwa kabla ya kiti cha mtu. Ujerumani angalia treni yenyewe: kati ya zile za mbio zinazoitwa ICE, ICE 4 ina nafasi nane za kinga, lakini kuna aina za ICE ambazo hazina hata moja, na kwenye tiketi zote zinaandikwa ICE tu. Treni za usiku za Austria, Nightjet, zingine zinabeba kinga na zingine zinataka iwe kwenye mfuko. Ikishindikana yote, ni treni za mkoa, Passau, Nürnberg, Frankfurt, Köln, Aachen, halafu treni ya Ubelgiji mpaka Liège. Inachosha ila inafika. Kwa hiyo nimewaandikia wote wawili wabebe mfuko mmoja mwepesi wa kinga kila mtu, unakunjwa unakuwa mdogo, juu ukiwa nao treni iliyokukatalia inaweza kukukubali.

Karatasi. Yaya bado ana paspoti ya Kongo na kadi ya ukaazi ya Ubelgiji, na ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hiyo inamtosha, siku 90 ndani ya 180, Luxembourg, Ujerumani, Austria, Slovakia, Hungary zote zimo. Lakini kadi peke yake haitoshi, abebe na paspoti. Mwenzake mwenye sura ya kule anaweza kupita mwezi mzima bila mtu kumwuliza kitu, yaya hapana, na Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Aweke paspoti kwenye sakoshi ya mbele, mahali pa kutoa haraka, asianze kufungua nguo za ndani barabarani mbele ya polisi. Na ile kadi ya afya ya Ulaya, ambayo mutuelle yake, bima yake ya afya, inatoa bure, nayo.

Mzigo, hapo nikaenda kwa mabingwa. Kwenye barabara ya Kasapa kuna mzee mmoja analeta makala, yaani mkaa, mjini kwa kinga, magunia yanamzidi urefu, kwenye mlima anashuka anaisukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Nilimkuta anafunga upya. Nikamwuliza, baba, mzito unauweka wapi? Hakunijibu, akanishika mkono akaupeleka kwenye gunia la chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Lile lilikuwa gumu kama jiwe. La juu lilikuwa jepesi. Halafu akachukua kipande cha mpira wa ndani wa tairi, amekikata kirefu kama kidole kwa upana, akakivuta mpaka kikawa chembamba, akazungusha mara tatu, akapenyeza ncha chini yake bila fundo. Akatikisa kinga nzima. Hakuna kilichocheza. "Kamba inalegea," akaniambia, "mpira unafuata mzigo." Nikamwambia yaya: hema na vyombo chini, mbele ya ekseli, nguo juu. Amecheka, lakini amebadilisha.

Mengine ni madogo. Jumapili Ujerumani na Austria maduka yanafungwa, kwa hiyo Jumamosi jioni wabebe chakula cha siku moja na nusu, na tarehe 15 Agosti vilevile huko Bavaria ya Wakatoliki na Austria nzima. Bomba lililoandikwa "Kein Trinkwasser", wasinywe. Kulala ni kambi za hema, ziko nyingi kando ya Danube, na nyumba zenye alama ya Bett+Bike ambako wana mahali pa kufungia kinga na hawakasiriki ukiingia na matope.

Wikendi ijayo wanajaribu, Liège mpaka Aubel na mzigo wote kama watakavyoondoka, kulala kwenye hema, kurudi. Porbagaji, kile kibebeo cha mzigo, ikilegea tutajua huko. Mipira ya yule mzee nimeshainunua, vipande vya kutosha kinga mbili, na kuna jirani anasafiri kwenda Bruxelles mwisho wa mwezi atawapelekea. Kwa ndege, hakuna namna.