Nukta 41

Mwaka 2017 nilikuwa natengeneza programu ya mikopo kwa ajili ya saccos moja ndogo hapa Dar es Salaam. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kuandika majaribio ya msimbo, yaani vipande vifupi vya kukagua kama programu inatoa majibu sahihi, na nilijivunia kweli. Nilitumia unittest, zana ya majaribio inayokuja na Python yenyewe, lugha niliyoandikia programu ile. Jaribio likipita, inachapa nukta moja; likifeli, inachapa herufi F. Zangu zilikuwa nukta 41, mstari usio na doa, na chini yake neno OK. Nikaikabidhi programu.

Mwezi wa tatu tangu niikabidhi, mhasibu wao akanipigia simu. Ni mama mtu mzima, na pembeni ya kompyuta alikuwa bado anaandika kila kitu kwenye daftari lake la jalada gumu. Baada ya shikamoo na marahaba, akafungua ukurasa wa daftari.

"Mwanangu, huyu alikopa laki sita. Kila mwezi anarudisha laki. Mbona riba yake haishuki?"

Riba yao ilikuwa asilimia 1.5 kwa mwezi, ya salio linalopungua. Daftari lilisema 9,000, kisha 7,500, kisha 6,000. Programu yangu ilisema 9,000 miezi yote mitatu. Kufikia mwezi wa sita yule mwanachama, muuza chakula, angekuwa ametozwa riba ya 54,000 badala ya 31,500.

Kosa la hesabu nililiona upesi: nilizidisha kwa mkopo wa awali badala ya salio. Lililoninyima usingizi ni jaribio. Nilikuwa nimeliandika kwa ajili ya jambo hilohilo, na lilikuwa limepita:

self.assertTrue(riba, 7500)

Nililitazama muda mrefu. Nilidhani nimedai kwamba riba iwe 7,500. Kumbe assertTrue inauliza swali moja tu: hicho cha kwanza ni kweli? Na kwa Python, namba yoyote isiyo sifuri ni kweli. Ile 7500 ilichukuliwa kuwa ujumbe wa kuonyeshwa jaribio likifeli. Riba ingekuwa shilingi moja au milioni, nukta ingechapwa vilevile.

Nikaandika assertEqual mahali pake, ambayo hudai vitu viwili viwe sawa. Papo hapo ikaja F, na chini yake: AssertionError: 9000 != 7500. Iliyopatikana na iliyotakiwa, zimesimama uso kwa uso. Hata mtu asiyejua msimbo angeelewa kilichoharibika. Nikapekua faili zima, nikakuta mistari 17 ya namna ile. Nilipoirekebisha yote, nukta sita ziligeuka F. Miezi mitatu yote zilikuwa zikipewa OK, na nyuma yake kuna pesa za watu.

Tangu usiku ule, kila nikiandika jaribio jipya naharibu kwanza hesabu kwa makusudi. Nikishaiona F, ndipo naitengeneza.

Waliotozwa zaidi walirudishiwa. Siku niliyokwenda kuweka toleo jipya nilimwomba mhasibu anisomee ule ukurasa. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akashuka nao taratibu huku mimi nikiandika: 9,000, 7,500, 6,000, 4,500, 3,000, 1,500. Ndilo jaribio la kwanza kwenye faili lile mpaka leo.