Kutafuta Gari Moshi la Bububu

Ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Unguja, siku hizi kuna wauza vinyago, jukwaa la muziki na watalii wanaotafuta kivuli. Mimi nilikwenda kutafuta reli. Sikuona hata kipande cha chuma, ingawa ngome hii ndiyo iliyokuwa bohari wakati wa ujenzi, na gari moshi la kwenda Bububu, kaskazini mwa mji, lilianzia hapa hapa mwaka 1905.

Ilikuwa reli ya maili saba tu, kama kilomita 11. Waliojenga ni Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney & Co. ya New York, watu wa biashara ya pembe za ndovu. Upana wake futi tatu, mwembamba hata kuliko ile ya mita moja iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901. Wala haikuwa ya kwanza Unguja. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikwisha kutandika njia yake mwenyewe kwenda kasri la Chukwani, behewa likivutwa na nyumbu kwanza, kisha injini ya mvuke. Alifariki mwaka 1888 na reli yake haikuchukua muda ikamfuata.

Darajani nikapanda daladala, 502, nikabanana na bibi mmoja mwenye kikapu cha ndizi. Nikamwamkia, tukazungumza. Habari za gari moshi akazijua kwa kusikia.

"Bibi yangu mzaa mama akilitaja sana. Likipita mjini, mtu wa barazani anakunja miguu. Mimi nimezaliwa nimekuta lami, mwanangu."

Nikamwamini, maana wageni wa zama zile nao waliandika jinsi treni lilivyopita likikaribia kugusa kuta za nyumba.

Tukapita Maruhubi. Kasri la Barghash liliungua mwaka 1899, kwa hiyo abiria wa treni nao walichungulia magofu kama mimi. Kisha Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, dada yake Barghash, na mara tukawa Bububu: maduka, bodaboda, watu wengi. Chemchemi za huku ndizo zilizonywesha mji tangu enzi za Barghash. Stesheni? Kijana niliyemuuliza alinielekeza kituo cha daladala, na sikuona sababu ya kumbishia.

Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Barabara ikatengenezwa, magari yakaja, na mwaka 1922 huduma ya abiria ikasimamishwa. Kwangu mimi hapo hapana kitendawili: njia fupi namna ile, inayoandamana na barabara, isingeweza kushindana na gari linalomshusha mtu mlangoni kwake. Miaka yake ya mwisho ilibeba mawe ya ujenzi wa bandari, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920.

Basi wakati wa kurudi nikashukia Malindi, bandarini. Mlinzi wa getini akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, mawe.