Kukwangua silikoni ya zamani bila kuua moteri

Wiki hii yote mikono yangu inanuka esansi, yaani petroli. Mezani nina kifuniko cha cheni cha Toyota IST, moteri (injini) ya 1NZ-FE, na ukingo wake wote umejaa silikoni nyeusi iliyokauka, ile gundi ya kuzuia mafuta yasivuje, ngumu kama ukucha wa mguu. Aliyeifungua kabla yangu hakutoa ya zamani, alipaka mpya juu yake. Ndiyo maana ilivuja. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokwisha kukauka, na natamani kila fundi wa hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, alijue hilo, maana mafuta yakivuja watu wanalaumu tyubu ya silikoni, wanakwenda kununua nyingine ya bei kubwa, nayo inavuja vile vile.

Kijana wangu alipoiona aliuliza, "Shefu, nilete mashine?" Alimaanisha ile ya umeme yenye kisahani cha msasa. Nilimwambia hapana, aketi kwanza.

Miaka mitatu iliyopita niliitumia mashine hiyo hiyo kwenye moteri kama hii. Dakika kumi tu, ukingo ukang'aa kama sufuria mpya. Nikapuliza kwa hewa, nikafuta, nikafunga. Wiki mbili baadaye dereva wa teksi akarudi: "Papa, motokari inalia huku chini." Nilifungua karteri, bakuli la mafuta chini ya moteri. Mafuta yalikuwa ya kijivu, yanametameta, na kusineti, yaani beringi zinazobeba krankshafti (mhimili mkuu wa moteri), zilikuwa zimechanjwa mistari inayoshika ukucha ukipitisha kidole. Visahani vile hubeba chembe za oksidi ya alumini, ngumu kuliko hata chuma cha krankshafti. Vumbi lake ni laini mno, linajificha kwenye njia za mafuta ambako pumzi ya kompresa haifiki. Na kwenye 1NZ pampu ya mafuta imo ndani ya kifuniko hicho hicho cha cheni! Yaani nilisaga mchanga mlangoni mwa pampu. Baadaye nilikuja kujua kwamba General Motors iliwahi kuwaandikia mafundi wake kuwaonya juu ya visahani hivyo. Krankshafti niliilipa mimi. Lakini yule baba alikaa wiki tatu bila kazi, ana watoto wanne, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko pesa.

Sasa naanza na matambara. Kila tundu upande wa bloku naliziba, na nayahesabu: safari hii manane. Yakitoka saba, hakuna kufunga. Kipande cha silikoni kikidondoka ndani kitaishia kwenye chujio la pampu, na pampu isiyovuta mafuta ni moteri iliyokufa.

Vipande vinene navimenya vikavu, kwa kikwangulio cha mti. Nakichonga mwenyewe kutokana na mabaki ya mninga ya seremala jirani, ncha bapa kama patasi, na ikichakaa nachonga tena. Bisibisi ya chuma ikiteleza mara moja kwenye alumini inaacha mfereji, na mafuta yatapita papo hapo.

Inayosumbua kweli ni ile ngozi nyembamba inayobaki, ya kijivu, ambayo jicho linaiona kama alumini yenyewe. Wengi wanaamini esansi inayeyusha silikoni. Haiyeyushi, inaivimbisha tu, na hiyo inatosha ukiipa muda. Nalowesha tambara, nalilaza juu ya ukingo, nafunika kwa mfuko wa plastiki lisikauke, nakwenda kulala. Asubuhi ngozi imelegea kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Ukiisukuma kwa kidole gumba inajikunja, inakuwa vijiti vidogo vyeusi, vinadondoka vyenyewe. Pembeni na kwenye mashimo ya boloti namalizia kwa mswaki wa zamani. Ile soda kali ya kutengenezea sabuni usiiguse kabisa, inakula alumini.

Ni Juni, na Lubumbashi baridi ya asubuhi inauma. Kila garaji ina mbabula yake, jiko la makaa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka uukute moto. Kwa hiyo mbabula yangu inakaa nje ya lango mpaka kazi ya esansi iishe, na kijana anavaa makoti mawili.

Kujua kama pamesafika, siamini macho. Nafuta ukingo kwa asetoni, nauacha ukauke, kisha nadondosha maji. Yakitandaa, ni chuma kitupu. Yakisimama matone matone kama umande kwenye jani la muhogo, silikoni bado ipo, tunarudia. Jana tulirudia mara tatu pale kwenye kona ya chini, karibu na karteri.

Leo saa nne tumepaka mpya, uzi mwembamba wa milimita tatu hivi, tukafunga. Dereva wa hii IST amekuja jioni anataka motokari yake. Nimemnyima. Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na kiangazi hiki hewa yetu ni kavu hadi midomo inapasuka, kwa hiyo saa chache za mvua si sawa na saa chache za sasa. Nimemwambia, "Papa, kesho jioni." Hakufurahi. Nimempa kiti na chai, nikamwonyesha ile kona ya chini kwenye picha za simu, kabla na baada. Ameitazama muda mrefu, akauliza kama kifuniko cha juu cha valvu nacho kilisafishwa hivyo.

Hicho kina gasketi yake ya mpira. Nitakifungua kesho asubuhi, yeye akiwepo.