Ukuta kwanza, maua baadaye

Washington, Jumapili, 6 Aprili 2025

Maua ya cheri pale Tidal Basin yalifikia kilele Ijumaa ya tarehe 28 Machi, na leo petali nyingi zimeshadondokea majini. Tangu Februari simu yangu haijapumzika. Kila ndugu na rafiki anayepanga kuja Washington wakati huu wa kuchipua ana swali lile lile: yatafunguka lini? Nimewajibu wote. Lakini kilichonikaa moyoni mwaka huu ni ukuta unaozuia maji ukingoni pale, na kuhusu ukuta hakuna aliyeniuliza isipokuwa mtu mmoja.

Kwa asiyepajua, Tidal Basin ni bwawa kubwa kando ya mto Potomac, karibu na ule mnara mrefu mweupe wa Washington Monument. Kulizunguka kwa miguu ni kilomita tatu na ushee. Upande wa kusini kuna jumba la kumbukumbu ya Thomas Jefferson lenye kuba, na ukienda upande wa magharibi utakutana na kumbukumbu ya Franklin Roosevelt, kisha ya Martin Luther King. Wengi hudhani bwawa lilichimbwa kwa ajili ya pambo. Sivyo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1881, wahandisi wa jeshi, akiwemo Peter Hains, walichota tope kutoka Potomac na kulimwaga pembeni mpaka likawa ardhi mpya. Tatizo likabaki kwenye mfereji wa jirani, Washington Channel, ambao ulikuwa unajaa tope na kunuka. Dawa yake ikawa hili bwawa. Maji ya mto yakijaa, milango ya upande wa Potomac hufunguka na bwawa likajaa. Yakianza kukupwa, milango hiyo hujifunga kwa nguvu ya maji yenyewe, ile ya upande wa mfereji hufunguka, na maji hutoka kwa kasi yakikomba tope lililotuama. Kazi hiyo inafanyika mpaka leo, mara mbili kwa siku, wakati sisi tunapiga picha.

Mtu aliyeniuliza kuhusu ukuta ni mama mdogo, aliyekuja Machi kuwaona wajukuu. Amezaliwa Pangani na kukulia huko huko, na maji ya bahari anayasoma kama sisi tunavyosoma saa. Nilimpeleka siku ile ile ya kilele. Wote wawili tulikuwa tumefunga, Ramadhani ikiwa ukingoni, tukatembea polepole. Nilitegemea ainue macho kwenye maua kama watu wote. Yeye akainamisha kichwa akawa anatazama njia.

Mahali tulipofika maji yalikuwa yameshapita juu ya ukuta na kutandaa kwenye njia, membamba, ya kahawia, yakielea petali. Vijana walikuwa wanavua viatu. Wenye vigari vya watoto walikuwa wanakwepa kwa kupanda kwenye udongo, wakipita katikati ya miti.

"Haya maji ya hapa yanakupwa na kujaa?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo mama, bahari iko mbali lakini Potomac hapa bado unapanda na kushuka, karibu mita moja.

Akafikiri kidogo. "Mwezi unaandama kesho, sanasana kesho kutwa. Basi hili ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu. Lakini bamvua halivuki gati lililojengwa likakaa sawa. Huu ukuta umezama, mwanangu."

Nilipomwambia kwamba kuna sehemu zinazofurika kila siku, hata wakati wa maji mafu yasiyopanda sana, akatikisa kichwa na kusema waliouacha mpaka hapo walichelewa.

Alisema kweli. Ukuta huu ulijengwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, juu ya lile lile tope la mto, na kuna sehemu umedidimia kama mita moja na nusu. Maji nayo hayakukaa pale yalipokuwa: usawa wake hapa Washington umepanda kama sentimita 30 katika miaka 100. Ukuta unashuka, maji yanapanda, na katikati ya hayo mawili kuna mizizi ya micheri.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mzizi unapumua. Udongo ukilowa kila siku bila kukauka, hewa inakosekana humo ndani na mizizi inaoza, mti ukianza kukauka kutoka kwenye ncha za matawi. Halafu tunakuja sisi wageni, mamia ya maelfu, na kwa sababu njia imefunikwa na maji tunapita juu ya mizizi hiyo hiyo. Mama mdogo alinionyesha kwa kidole udongo chini ya mti mmoja: ulikuwa umeshindiliwa kwa nyayo mpaka unang'aa, na vijizizi vyembamba vimechunika ganda. Juu yake matawi yalikuwa meupe pe kwa maua. Mti unaweza kuchanua hivyo huku unakufa, na picha haisemi.

Mwaka jana Idara ya Hifadhi za Taifa ilianza kuujenga upya ukuta, kwa mradi wa dola milioni 113. Ili mitambo ipate pa kusimama na ukuta mpya upate nafasi, zaidi ya micheri 140 ilibidi ikatwe. Mmoja wao ni ule uliojulikana dunia nzima kwa jina la Stumpy. Ulikuwa mfupi, shina limeliwa na kuwa ganda lililo wazi upande mmoja, na utosini vijitawi vichache tu. Kila mwaka watu walidhani hautafika mwaka unaofuata, na kila mwaka ukachanua. Machi 2024, maua yalipofikia kilele mapema mno, tarehe 17, nilikwenda kuuaga. Palikuwa na foleni. Watu waliweka maua chini yake, wengine walikuwa wanalia kabisa, na sikuwashangaa, kwani hata mimi koo lilikaba.

Baada ya hapo nilisikia maneno mengi: serikali haina huruma, wangejenga kwa kuizunguka miti, wangeiacha ife yenyewe. Naelewa uchungu huo, lakini sikubaliani nao. Ukuta ule usingejengwa kwa kuizunguka miti iliyosimama juu yake, na kuiacha ilipo kulikuwa ni kuiua taratibu, pamoja na ile iliyokuwa nyuma yake ambayo bado ilikuwa na afya. Ukuta mpya unakaa juu ya nguzo ndefu zinazoshindiliwa chini sana, ili usitegemee tena kusimama juu ya tope peke yake. Ukikamilika, micheri itakayopandwa itakuwa mingi kuliko iliyokatwa, na Japani ilishaahidi mwaka jana kuleta mingine 250 kwa ajili ya miaka 250 ya uhuru wa Marekani. Na Stumpy, vipandikizi vyake vilichukuliwa kabla haujakatwa, vikatunzwa katika bustani ya taifa ya miti, National Arboretum, na vitarudishwa hapa.

Nawakumbusha wanaolalamika kwamba hata mwanzo wa miti hii ulikuwa moto. Mwanamke mmoja msafiri na mwandishi, Eliza Scidmore, alirudi kutoka Japani akiwa na wazo moja, kwamba ardhi ile mpya ya tope kando ya Potomac ipandwe micheri. Alianza kuwaomba wakubwa mwaka 1885. Walimpuuza, maofisa wakabadilika, akaomba tena. Mwaka 1909 alimwandikia Helen Taft, mke wa rais, na huyo akamsikia. Miti 2,000 kutoka Tokyo ikafika Januari 1910, na wakaguzi walipoifungua wakakuta wadudu, minyoo na magonjwa. Rais Taft akaridhia ichomwe moto yote. Fikiria aibu ya zawadi kuteketezwa mbele ya mtoaji! Yukio Ozaki, meya wa Tokyo, hakuvunja urafiki. Vikakatwa vipandikizi vingine kutoka kwenye micheri maarufu ya ukingo wa mto Arakawa, vikaungwa kwenye mashina safi, vikakuzwa upya. Machi 1912 ikafika miti 3,020, na tarehe 27 Bi. Taft na Bi. Chinda, mke wa balozi wa Japani, wakapanda miwili ya kwanza. Ile miwili bado ipo, karibu na mwisho wa barabara ya 17, na nilimpitisha mama mdogo akaiona. Magome yake yana mabaka na vinundu kama goti la mzee.

Na miaka 40 baadaye, micheri ya Arakawa ilipokuwa hoi baada ya vita, vijiti vya kuunganishia vilitoka hapa vikaenda kule. Mama mdogo aliposikia hivyo alisema, "Ndiyo maana ya kupeana mbegu."

Nirudi kwa wageni, maana bado naulizwa.

Anayesema "kilele" anamaanisha siku ambayo asilimia 70 ya maua ya aina ya Yoshino yamefunguka. Hii ndiyo aina iliyotawala kuzunguka bwawa, nyeupe yenye wekundu wa mbali, na kwa kuwa Yoshino hutokana na vipandikizi badala ya mbegu, miti yake yote ni ndugu wa damu moja na huchanua karibu siku moja. Hali ya hewa ikiwa tulivu yanakaa siku kadhaa. Mvua ya usiku mmoja yenye upepo inatosha kuyamaliza. Tarehe ya kilele hairithiwi: imewahi kuwa 15 Machi, mwaka 1990, na imewahi kuwa 18 Aprili, mwaka 1958. Kwa hiyo msinikasirikie nikikataa kuwaambia mwezi Januari mnunue tiketi ya tarehe fulani.

Mwaka huu wa 2025 upande wa Jefferson kuna uzio na mitambo. Hamtaweza kulizunguka bwawa lote mkiwa ukingoni mwa maji. Mkifika kwenye uzio fuateni vibao. Msiruke uzio kwa ajili ya picha. Gari liacheni nyumbani. Shukeni treni kituo cha Smithsonian mje kwa miguu, na mkiweza mfike jua linachomoza. Saa hizo kuna nafasi, na mtamwona mnandi akizama na kuibuka na samaki mdomoni, kwani msimu huu samaki wanapanda mto kwenda kuzaa na ndege wanawafuata. Kuchuma maua au kuvunja tawi ni kosa kisheria. Mwaka huu nimeona baba mmoja akimpandisha mtoto juu ya mti ili ampige picha. Nilimfuata nikamweleza kwa upole, akamshusha.

Wikiendi ya kilele nyasi zote za Washington Monument zilijaa watu wa tiara. Sisi hatukukaa sana, tulikuwa na maandalizi ya Idi, ambayo tuliisali Jumapili.

Kwa walionipigia wiki hii wakilia kwamba wamechelewa: hamjachelewa. Kuna aina iitwayo Kwanzan, ya waridi iliyokolea, petali zake zimefungamana hadi ua linakuwa zito mkononi. Huchanua kama wiki mbili baada ya Yoshino. Nyingi ziko East Potomac Park, kuelekea ncha ya Hains Point, ambako watu huvua samaki na kuendesha baiskeli na hakuna msongamano. Mimi, kusema kweli, nazipenda kuliko zile maarufu.

Mama mdogo anaondoka tarehe 20. Tumepanga kwenda Hains Point wiki ijayo, na ameniomba kabla ya hapo tupite Jefferson siku ya kazi, wakati mafundi wapo, aone nguzo zinavyoshindiliwa. Nimeomba ruhusa kazini siku ya Jumanne. Na kwa mnaokuja wikiendi ijayo: mwezi mpevu ni Jumamosi tarehe 12, kwa hiyo bamvua jingine linakuja. Angalieni jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kutoka, mfike maji yakiwa yamekupwa, na mkikuta njia imefurika geukeni mrudi mlikotoka au vueni viatu mpite ndani ya maji. Kwenye mizizi msipande.