Gari la kulala safarini: kwa nini tuliacha Coaster na trela tukachukua HiAce

Kila niliyemwambia kwamba natafuta gari la kulala familia safarini alikuwa na jibu tayari. Na karibu wote walijibu wakifikiria gari litakavyopendeza likiwa limeegeshwa kambini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari hilo litafanya kazi gani Jumatatu asubuhi. Naandika haya kwa sababu ushauri niliopewa ungetumaliza akiba yote, na najua kuna familia nyingine inapewa ushauri ule ule wiki hii.

Sisi ni wanne: mimi, mke wangu na watoto wawili wa shule ya msingi. Tunaishi Dar es Salaam, na kila likizo tunapanda Lushoto, au tunakwenda Njombe kwa wazazi kupitia Morogoro na Iringa. Vyumba viwili vya gesti kila usiku, pamoja na chipsi kuku mara tatu kwa siku, ndivyo vilivyonifanya nianze hesabu.

Shemeji yangu anayeishi Texas alikuwa wa kwanza. "Shem, nikununulie huku nikupakilie melini. Ina choo, ina bafu, ina jiko, mnataka nini tena?" Picha zilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa nyumba iliyojengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, injini ya petroli ya V10, lita 6.8. Nikamwuliza ulaji wa mafuta, akasema maili nane hadi kumi kwa galoni. Kwa hesabu yetu hiyo ni kilomita tatu na nusu hadi nne na kidogo kwa lita. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, kwa hiyo lita 125 zinateketea kwenda tu. Vifaa vyake vya ndani ni vya volti 120 wakati umeme wetu ni 230. Usukani uko kushoto, na yeyote aliyewahi kufuata msururu wa malori ya Zambia pale kwenye mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, anajua maana ya dereva kukaa upande ambao haoni mbele. Halafu kuna TRA, ambao kodi yao inaangalia thamani ya gari, ukubwa wa injini na umri wake. Hilo lingegongwa kote kutatu. Nilimshukuru shemeji kwa moyo wake, nikaachana nalo.

Kabla ya kutoa shilingi nilifanya jambo ambalo mpaka leo najivunia. Nilizunguka kwenye yadi za magari na tepu mkononi, nikapima ndani. Vipimo vya nje vimeandikwa kwenye kila tangazo, ila usingizi hulali nje. HiAce ndefu ya paa la juu, kwa mfano, ina mita 5.38 kutoka bampa hadi bampa. Ukitoa sehemu ya dereva unabaki na kama mita 3.5 za urefu, 1.7 za upana, na kimo cha mita 1.6 hivi. Nikarudi nyumbani na chaki, nikalichora gari zima kwenye sakafu ya saruji uani, hadi matao ya magurudumu yanayoingia ndani. Kamba ya nguo nikaifunga kwenye kimo cha paa. Jumamosi jioni nikaitangazia familia kwamba leo tunaishi humu: hakuna mguu kuvuka mstari isipokuwa mlangoni.

Mambo yalianza kujitokeza hata kabla ya chakula. Mtungi wa gesi wa kilo 6 haukuwa na pa kukaa. Godoro likishalazwa, mabegi yanabaki miguuni, kwa hiyo kitanda lazima kiinuliwe angalau sentimita 45 ili vitu viingie chini. Mtoto mkubwa alikuta kwamba akilala kwa upana anaenea bila kukunja miguu, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la watoto kulala kwa upana kwenye machela ya turubai juu ya miguu yetu. Mke wangu alijaribu kupika ndani ya mstari, kamba ikawa inamgusa kichwani, akaamua palepale kwamba jiko litakaa nyuma, mlango wa buti ukiwa umeinuliwa. Uamuzi huo sijaugusa hadi leo.

Jioni nyingine nikachora Coaster, lile basi dogo. Watoto walikimbia ndani yake. Mke wangu akasimama katikati, akageuka huku na huku. "Baba Neema, nafasi yote hii ya nini? Kwani tunahama?"

Hata hivyo Coaster sikuitupa kwa neno hilo peke yake, maana fundi wangu wa siku nyingi alikuwa ameing'ang'ania: "Bosi, nafasi ni nafasi." Nikakaa na kalamu. Matairi sita badala ya manne. Dizeli inaondoka haraka, na EWURA wanapotangaza bei mpya za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hutaki kuwa mwenye Coaster. Jambo ambalo hakuna aliyenitajia ni mizani ya barabarani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaanzia tani 3.5, na Coaster iko juu ya hapo. Maana yake ukienda kutembea na watoto unapanga foleni Vigwaza, unapanga tena Mikese, katikati ya malori. Mwenye kundi la watu kumi au kwaya ya kanisa, Coaster inamfaa sana. Kwa watu wanne, hapana.

Trela ndilo lililonivutia zaidi moyoni, nakiri. Linaachwa nyumbani, gari linabaki huru, halina injini ya kuharibika. Jamaa mmoja alikuwa nalo, la kukunjua hema, akaniazima. Nikakodi pikapu yenye ndoano nyuma tukaelekea Lushoto. Hadi Mombo mambo yalikuwa mazuri, ukiacha matuta: kila kijiji kina matuta, na kila tuta unalivuka mara mbili, mara ya pili kwa kishindo kinachokufanya uangalie kioo. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33 za lami nyembamba, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, kona juu ya kona.

Kabla ya Soni tukakutana na lori la mboga linashuka, limejaa kabichi hadi juu. Pale hapakuwa na nafasi ya wawili. Mwenye mzigo anayeshuka hawezi kurudi juu, kwa hiyo anayerudi ni mimi. Kama hujawahi kurudisha trela nyuma, elewa hivi: ukikata usukani kulia linakwenda kushoto, na likishaanza kujikunja hulinyooshi ila kwa kusogea mbele kwanza. Mbele kulikuwa na lori. Tandiboi wa lori alishuka akasimama ukingoni akiniongoza kwa mikono, mke wangu akasimama upande wa pili na tochi ya simu, nyuma yetu pikipiki zimejipanga na wenyewe wanatoa maelekezo yanayopingana. Tulirudi sentimita kwa sentimita, mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi kwenye kijisehemu cha kokoto mbele ya kibanda cha matunda. Dereva wa lori alipopita alipiga honi ya shukrani. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, na baridi ya Usambara ile!

Tulipofika mvua ikaanza, na hema la trela unalikunjua kwenye mvua hiyo hiyo. Magodoro yalilowa kabla paa halijasimama. Kwa nchi yenye barabara pana na kambi tambarare trela ni chombo kizuri na cha bei ya chini kuliko vyote. Kwa njia zetu za milimani, na kwa dereva ambaye hakuzaliwa kwenye malori, sitamshauri mtu.

Land Cruiser yenye hema la paani nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu wengi wanaijua kutoka kwa watalii. Ni gari la kweli. Anayekwenda Katavi au Ruaha masika, kwenye udongo mweusi, asisikilize mtu anayemwambia HiAce. Lakini bei ya hardtop nzuri, hata kuukuu, iko mbali sana na mshahara wangu, na hema lenyewe ni milioni kadhaa juu. Hema ni kama kilo 60 kabla hujaweka kerea yake, na kila gari lina kikomo cha mzigo wa paani likiwa linatembea. Kiangalie kwenye kitabu cha gari, siyo mdomoni mwa muuzaji. Na sisi wenye watoto tuna swali la saa nane za usiku: mtoto anataka kukojoa, ngazi imelowa, nje giza. Ukitaka kwenda sokoni asubuhi kununua nyanya, lazima uikunje nyumba kwanza.

Basi tukachukua HiAce, dizeli, ya mtumba kutoka Japani. Hadi inapata namba ilikuwa milioni 40 na kitu. Bei zinapanda na kushuka na dola, hivyo usinishike hapo. Kilichonipa amani ni kwamba katikati ya wiki gari linajilipia. Mke wangu anapika kwenye sherehe, na zamani alikuwa anakodi Kirikuu, kile kipikapu kidogo, kila wikendi. Sasa sufuria, majiko na meza zinaingia humo. Kitanda ni fremu ya skwea paipu iliyochomelewa Gerezani, imeshikwa na bolti nne. Spana namba 13, unakitoa kabla chai haijapoa. Mafundi wawili walitaka kunijengea makabati ya mninga ya kudumu. Yanapendeza, ila ni mazito, na gari lingebaki la likizo tu.

Joto ndilo tatizo kubwa la kulala ndani ya bati, hasa Morogoro mwezi wa pili. Ukifungua vioo unaingiza mbu, ukifunga unapikwa. Nilionyeshwa vyandarua vya kuagiza nje, vya vioo vya HiAce hasa, kwa bei ya kushangaza. Njia yangu ilikuwa hii: mlango wa friji hushikwa na mpira ambao ndani yake una utepe wa sumaku. Mafundi friji wanatupa mipira hiyo kila siku. Nilipewa rundo zima kwa bei ya soda, nikachana mipira kwa wembe, nikatoa tepe zile, fundi cherehani akazishonea kwenye pindo za wavu wa mbu uliokatwa kwa kipimo cha kila dirisha. Mwili wa gari ni chuma. Unausogeza wavu, unasikia "tap" pembe hadi pembe, umekaa. Asubuhi unauvuta, unaukunja, unaingia kwenye mfuko wa mkate. Kwenye mlango mkubwa wa pembeni nilishona vipande viwili vinavyopandana katikati, mtoto anapita na vinajifunga vyenyewe nyuma yake. Watu wameniomba niwashonee.

Umeme: niliambiwa nichukue betri mbili za lori, rahisi. Lakini hizo ni betri za madini ya risasi, na ukizinyonya zaidi ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, kwa hiyo unalipia mzigo ambao nusu yake huutumii. Nikanunua moja ya lithiamu ya Ah 100, ambayo inabeba umeme wa kama Wh 1,280 (yaani wati 1,280 kwa saa moja), na paneli ya wati 200 paani. Bei iliniuma. Lakini friji dogo la volti 12, feni mbili na taa vinakesha, na jua la mchana linarudisha. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu ya moto. Hewa yake haina harufu ya kukuamsha na inaua.

Vya ndani vyote, kuanzia fremu, godoro la sponji, umeme, turubai hadi mapazia, vilikula kama milioni 5 au 6, na nusu yake ni betri na friji. Usichonge kitu chochote kabla hujalala humo na godoro tupu kwanza. Mwili wenyewe utakuambia rafu inatakiwa wapi.

Swali la kwanza la kila mwanamke anayelichungulia gari ni choo, na ni swali la haki. Kambi nyingi tunazolala zina vyoo, kwa hiyo chetu ni cha usiku: ndoo yenye mfuniko wa kukaza, kiti cha plastiki kilichotobolewa juu yake, na maranda ya mbao. Maranda tunachukua Keko kwa mafundi fanicha, wanakupa gunia bure wakijua unarudi. Konzi mbili kila anapotoka mtu, na harufu huisikii hadi asubuhi.